Madoa ya bwawa la kuogelea: ijue rangi kabla ya kufungua dumu la asidi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninasimamia nyumba ya wageni Kigamboni. Tuna bwawa dogo la kuogelea, mita 8 kwa 4, kina mita 1.2 upande mmoja na 1.8 upande mwingine, limepigwa plasta nyeupe. Tangu tulipoanza kulijaza kwa maji ya kisima kirefu, sakafu na ngazi zimekuwa za kahawia, na kila tukizidisha klorini rangi inakolea. Kwenye pembe yenye mti wa mkungu kuna alama za majani. Chini ya tundu linalorudisha maji kuna weusi wa kijani-bluu, na ukutani kuna doa moja jekundu lililoshinda kila brashi. Fundi anataka tutoe maji yote wiki ijayo, tuoshe kwa asidi. Mvua bado zinanyesha. Tumruhusu?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka. Msimruhusu, angalau si wiki ijayo.

Sababu ya kwanza ni hiyo mvua. Wakati wa masika maji ya ardhini hupanda, na kinacholizuia bwawa lisinyanyuke ni uzito wa maji yaliyomo ndani yake. La kwenu lina mita za ujazo 48, yaani tani 48. Mkiyatoa yote huku ardhi imelowa, maji ya chini yanaweza kuisukuma sakafu ikapasuka, au kuling'oa bwawa zima kutoka mahali pake. Kama jirani ana kisima kifupi cha kuchota kwa ndoo, nendeni na kamba mkapime umbali kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye maji. Maji yakiwa juu kuliko sakafu ya bwawa lenu, bwawa lisiguswe hadi yashuke. Mabwawa mengine huwekewa vali sakafuni ya kupitisha maji ya ardhini yaingie ndani wakati bwawa liko tupu, ila vali iliyokaa miaka bila kuangaliwa huganda. Msiweke roho zenu juu yake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo ninayotaka mmweleze fundi kwa utaratibu bila kumvunjia heshima. Asidi haisafishi plasta, inaila. Plasta nyeupe ya bwawa ni saruji nyeupe na vumbi la marumaru, na vyote viwili huyeyuka vikikutana na asidi. Doa linaondoka kwa sababu ngozi ya plasta iliyolibeba imeondoka nalo. Plasta yenyewe kwa kawaida ina unene wa kama sentimita moja tu, na kila inapooshwa hivyo uso unabaki na vinyweleo vingi zaidi, kwa hiyo doa linalofuata hushika upesi kuliko la kwanza. Halafu mtajaza bwawa kwa maji gani? Yaleyale ya kisima. Kahawia itarudi, safari hii kwenye uso uliokwaruzika, na pesa ya asidi, ya umeme wa pampu na ya siku bila wageni itakuwa imekwenda.

Umenieleza mambo manne kana kwamba ni tatizo moja. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, naona madoa ya aina nne tofauti, na dawa ya moja huharibu kazi ya jingine. Kabla ya kununua chochote, yapimeni papo hapo huku bwawa likiwa limejaa.

Chukueni soksi nyeupe safi, mtie vidonge vichache vya vitamini C vya duka la dawa vilivyopondwa, mfunge kwenye ncha ya ule mti mrefu wa brashi na mkandamize juu ya doa la kahawia kwa dakika mbili au tatu. Pakibaki alama nyeupe mahali soksi ilipogusa, hilo ni doa la madini, na kwa rangi hiyo ni chuma. Kisha chukueni soksi nyingine, mtie klorini ya unga kidogo, ile inayoitwa kalsiamu haipokloriti, mfanye vivyo hivyo kwenye alama za majani. Zikififia, ni doa la kitu kilichokuwa hai: majani, matunda, ukungu, mwani. Soksi ziwe mbili, na ile ya klorini isiguse vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole, vile vya duara vya kwenye kikapu au kielea. Klorini ya unga na vidonge hivyo ni kemikali mbili tofauti, zikichanganyika zikiwa kavu au na unyevu kidogo zinaweza kushika moto au kulipuka. Hata kijiko cha kuchotea kisiwe kimoja.

Kuhusu ile kahawia ya sakafuni, nina hakika kubwa kwamba ni chuma, hata kabla ya soksi. Umesema mwenyewe kwamba klorini ikizidi, rangi inakolea. Maji ya kisima kirefu hutoka yakiwa maangavu kabisa kwa sababu huko chini chuma kimeyeyuka bila kukutana na hewa. Kikifika juu na kupata oksijeni kinaanza kugeuka kutu, na klorini hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi kubwa. Kutu haiyeyuki ndani ya maji ya bwawa, inatafuta mahali pa kutua, na mahali penyewe ni sakafu na ngazi. Kila mlipoona rangi mkamwaga klorini zaidi, mlikuwa mnaipika kutu. Mtakayemwonyesha jambo hili asiamini, mchoteeni maji ya kisima kwenye ndoo nyeupe, mtie ncha ya kijiko cha klorini, mkoroge, muiache. Kama chuma ni kingi, maji yatageuka rangi ya chai mbele yake.

Sasa utaratibu, na hapa mpangilio ni muhimu kuliko dawa yenyewe. Madoa ya majani yanataka klorini nyingi. Madoa ya chuma yanataka klorini isiwepo. Basi majani yatangulie.

Fungeni bwawa kwa wageni. Panga wiki moja hadi mbili, na uwaambie mapema wale waliokwishaweka nafasi, maana katikati ya kazi hii kuna siku ambazo maji hayana kinga yoyote dhidi ya vijidudu na hapaswi mtu kuingia. Shusheni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), iwe karibu na 7.2, kisha jioni jua likishazama ongezeni klorini. Kwa lita 48,000 mnahitaji kama gramu 700 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 ili kupandisha kiwango kwa miligramu 10 kwa lita. Iyeyusheni kwanza: ndoo ya maji, kisha unga juu yake kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya unga. Pampu izunguke usiku kucha. Asubuhi sugueni pembe ya mkungu kwa brashi ya nailoni. Majani ya mkungu yana rangi nyingi kuliko miti mingi ya pwani, yakilala sakafuni usiku mmoja tu yanaacha picha yake, kwa hiyo inaweza kuhitaji kurudia siku ya pili. Wakati huu kahawia ya chuma itaonekana mbaya zaidi. Msitishike.

Alama za majani zikishaondoka, acheni kutia klorini kabisa. Jua la Kigamboni litaimaliza ndani ya siku kadhaa, ingawa kama mmekuwa mkitumia vidonge kwa muda mrefu itachukua muda zaidi, kwa sababu vidonge huacha ndani ya maji asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini na jua. Pimeni kila siku. Kipimo kikisoma sifuri au karibu na sifuri, ndipo mtumie asidi askobiki, yaani vitamini C katika umbo la unga. Mkiitia kabla ya hapo, klorini iliyobaki itaila yote na mtabaki mnashangaa dawa imekwenda wapi.

Kiasi cha kuanzia ni takriban gramu 450 kwa kila lita 38,000, kwa bwawa lenu gramu 600 hivi. Vidonge vya duka la dawa vitawafilisi kwa kiasi hicho. Ulizieni unga wa kilo kwa wauzaji wa kemikali za mabwawa au wanaouza malighafi za kuokea mikate, maana waokaji huutumia kwenye unga wa ngano. Pampu iwe inazunguka, mtawanye unga polepole juu ya ngazi na sehemu zenye kahawia nzito. Sehemu nyingine zitaanza kung'aa ndani ya saa moja, nyingine zitangoja hadi kesho yake. Nikiri kwamba hii ndiyo sehemu ninayoipenda katika kazi nzima, kuona sakafu inarudi kuwa nyeupe bila mtu kuvaa hata glovu za asidi. Baada ya saa 24 kama kuna kahawia iliyobaki, ongezeni nusu ya kipimo cha kwanza.

Lakini chuma hakijaondoka. Kimeyeyuka tu kurudi ndani ya maji, na kosa linaloangusha wengi ni kufurahia weupe huo kisha kumwaga klorini ya nguvu, yaani dozi kubwa kwa mara moja, jioni ileile. Asubuhi kahawia yote huwa imerudi sakafuni. Siku hiyohiyo madoa yanapoyeyuka, tieni dawa ya kushika madini, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Hiyo huvishika vipande vya chuma ili visitue. Baada yake rudisheni klorini kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi ifike kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Mwanzoni klorini itakuwa inapotea kila mnapotia kwa sababu vitamini iliyobaki inaimeza, hilo ni la kawaida. Msifanye klorini ya nguvu kwa wiki mbili za mwanzo. Na kwa kuwa vitamini C ni asidi, pH itashuka. Ipandisheni polepole kwa sodiamu kaboneti, magadi ya aina ileile inayotoka Ziwa Magadi kule Kenya, ila msiruke kupita 7.4 kwa wakati huo. Maji yenye pH ya juu huangusha madini.

Mkiweza kupata maji ya bomba au ya mvua safi kutoka bati, toeni theluthi ya maji ya bwawa mjaze hayo. Theluthi moja tu haileti hatari ile ya bwawa kunyanyuka ilimradi kina kilichobaki kiko juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kwa njia hiyo theluthi ya chuma imetoka moja kwa moja, jambo ambalo dawa ya kushika madini haiwezi, yenyewe inakishikilia tu na huisha nguvu baada ya wiki chache, kisha hutiwa tena.

Ule ukijani-bluu chini ya tundu la maji ni shaba, na nadhani najua ilikotoka. Muulize anayehudumia bwawa kama hutia mrututu kuua mwani. Wengi hutia, ni rahisi na unapatikana, na kweli unaua mwani. Lakini mrututu ni shaba iliyoungana na salfeti, na shaba hiyo haina pa kwenda. Inakaa ndani ya maji hadi pH ipande, ndipo inapotua kwenye plasta. Hiyohiyo ndiyo inayogeuza nywele nyeupe za wageni kuwa za kijani, malalamiko ambayo huenda mmeshayasikia. Acheni mrututu kabisa, hata zile dawa za mwani za chupa someni kama zina shaba. Vitamini C huilegeza shaba kwa sehemu tu. Panapobaki, tumieni soksi yenye asidi ya sitriki, ule unga wa ukali unaotiwa kwenye juisi na peremende, mkandamize mahali penyewe dakika chache, mrudie. Kama bwawa lenu lina kipasha maji, angalieni pia mabomba yake ya shaba, kwa kuwa maji yenye pH ya chini huyala.

Doa jekundu la ukutani halitaondoka kwa kitu chochote nilichokitaja. Doa moja, mahali pamoja, linalorudi palepale: hiyo ni nondo. Kuna mahali zege ni jembamba mno mbele ya chuma, maji yamefika, nondo inapata kutu na kutu inatokea kupitia plasta. Pwani tatizo hili ni la mara kwa mara, hasa pale zege lilipochanganywa kwa mchanga au maji yenye chumvi. Gongeni taratibu kwa mpini wa bisibisi kuzunguka doa. Pakitoa mlio wa uwazi, plasta imeshaachana na zege. Hapo anahitajika fundi ujenzi: achimbe hadi kwenye nondo, aisafishe hadi chuma king'ae, aikate ncha kama imejitokeza mbele, azibe kwa saruji inayoganda majini, kisha apige plasta. Likiachwa, nondo inayofura kwa kutu itapasua ukuta, na ufa hauna bei ndogo.

Kitu ambacho hukukitaja, ila nitashangaa kama hakipo, ni ukoko mweupe unaokwaruza kwenye mstari wa maji. Sehemu nyingi za pwani yetu mwamba wa chini ni chokaa na matumbawe, maji yake ni magumu, na jua likiyakausha yanaacha chokaa. Dondosheni siki juu yake. Ukitoa povu ni chokaa ya kawaida, inatoka kwa siki na brashi. Usipotoa povu ni aina ngumu yenye silika, hiyo inasuguliwa kwa jiwe la kusugulia pole pole, na juu ya plasta tu, si juu ya vigae vinavyong'aa. Na popote mnaposugua, msitumie chuma cha kusugulia masufuria wala brashi ya waya wa kawaida. Vijiuzi vyake hukatika, huingia kwenye vinyweleo vya plasta, na kila kimoja kinazaa doa lake la kutu.

Ikiwa mmefanya yote haya na plasta bado ni chafu au imekwaruzika kila mahali, basi asidi inaweza kuwa na nafasi yake, kiangazi, maji ya ardhini yakiwa yameshuka. Siikatai. Ninachokataa ni kuifanya kwa mazoea. Siku hiyo ikifika, simamia mambo haya wewe mwenyewe. Asidi hidrokloriki humiminwa juu ya maji, si maji juu ya asidi, na kuanzia ni sehemu moja ya asidi kwa mbili za maji, ikaongezwe nguvu pale tu inaposhindwa. Ukuta ulowekwe kwanza, ufanyike kipande kwa kipande asubuhi kabla jua halijawa kali, asidi isikae zaidi ya nusu dakika hadi dakika moja, kisha ioshwe kwa maji mengi hadi chini. Mvuke wake ni mzito, na shimo la bwawa huushikilia. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Wanahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke wa asidi, miwani iliyoziba pembeni, gambuti, glovu ndefu na aproni ya mpira. Wawe wawili ndani na mmoja juu anayewaangalia. Klorini ya aina yoyote iondolewe kabisa eneo hilo, maana asidi na klorini vikikutana hutoa gesi inayoua. Nimeona vijana wakishushwa kwenye shimo la bwawa na kandambili na fulana juu ya uso, na sitaki kuisikia habari hiyo kutoka kwenu.

Maji ya asidi yanayokusanyika chini yasiende kwenye shimo la choo wala baharini yakiwa makali. Nyunyizeni sodiamu kaboneti hadi povu liishe na kipimo kisome pH 7 au zaidi. Andaeni hadi nusu kilo kwa kila lita ya asidi iliyotumika, ingawa mara nyingi haiishi yote kwa kuwa plasta yenyewe imeshameza sehemu.

Limebaki la maji ya kuongezea, kwa sababu jua litaendelea kuyapunguza na kisima ndicho mlichonacho. Msielekeze mpira wa kisima moja kwa moja bwawani tena. Jazeni tanki la plastiki, tieni klorini kidogo, mkoroge, mliache hadi siku mbili ili kutu itue chini, kisha mchote maji ya juu kwa bomba lililowekwa sentimita 30 kutoka kitakoni, huku mdomo wake ukifungwa kitambaa kizito. Tope la kahawia litakalobaki mlimwage kila mara. Kabla ya kuyaruhusu maji hayo yaingie, rudieni jaribio la ndoo nyeupe: tieni ncha ya klorini, mngoje saa chache. Yakibaki maangavu, fungulieni. Yakigeuka, yapeni siku nyingine tankini.